Baiskeli Yako Haijauzwa

Kibanda cha Vitasa na Makufuli,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 9, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Breki,

Pokea salamu tele kutoka kwa kaka yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepona, na hizo lifti unazozifunga zinapanda na kushuka bila kukung'ang'ania ndani. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako ana mafua kidogo, ila sauti haijapungua. Mama yuko vizuri. Goti la kushoto linamsumbua asubuhi, akishapata chai linatulia. Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho kimechoka, na sababu utaiona humu.

Najua umeshangaa kuona karatasi. Simu ninayo na salio lipo, ila simu za nyumba hii sina imani nazo tena, na ukisoma mpaka mwisho hutanilaumu. Tena bahasha ikikufikia imebanduka pembeni, nijulishe haraka. Gundi niliyopaka mimi haibanduki yenyewe.

Nianze na baiskeli. Siku uliyopiga simu ukasema niiuze, kwamba inakula nafasi ukumbini bure, nilikubali pale pale. Mama alikuwa kando yangu anachambua mboga. Alipomaliza aliinuka akaifuta vumbi, kama anavyofanya kila Jumamosi tangu ufunge virago, kisha akaniuliza jambo moja tu: mtu anayekusudia kurudi, huuza baiskeli yake? Nikamwambia ni chuma tu, Mama. Akakung'uta kitambaa chake cha vumbi, nami nikadhani yamekwisha.

Nikaipiga picha upande usio na kutu, nikaiweka kwenye ile tovuti ya matangazo ya kuuza na kununua. Nikaandika: baiskeli imara, imetumika kwa adabu, mwenyewe yuko mbali. Hapo penye "kwa adabu" shemeji yako alicheka mpaka akakohoa, maana anakumbuka ulivyokuwa ukisimama kwa kuburuta soli ya kiatu. Jina la Breki hukulipata kwa uungwana.

Sasa, unanijua. Kazi yangu ni kuwafungia watu milango, na mtu akishaona milango mingi iliyovunjwa, hawezi kupeana mkono na mgeni bila kuutazama huo mkono. Watu wa mtandaoni hawana hata mikono. Mmoja anauliza "Ipo?" Ukimjibu ipo, anatoweka. Nilikaa dukani asubuhi nzima nikijiuliza: alitaka kujua ipo ili afanye nini? Mwingine alidai bei ya mwisho hata salamu hajatoa. Wa tatu alijitambulisha kuwa daktari yuko safarini kikazi, eti atamtuma mtu aichukue, mimi nimtajie tu namba ya siri itakayoingia kwenye simu yangu. Nilimwambia ajitibu kwanza yeye mwenyewe.

Aliyefika kwa miguu yake ni mwalimu mmoja mwembamba, mwenye kofia. Kofia haikunipendeza, maana alikuwa ameishusha mpaka kwenye nyusi. Akataka kuijaribu. Nikamwambia aache viatu. Akakataa, eti hakuja msikitini. Mwishowe tukapatana apande, nami nishike keria kwa nyuma. Mdogo wangu, nilikimbia nyuma ya ile baiskeli hadi kona ya kinyozi na kurudi, jasho linanitiririka, watu wametoka vibarazani wanadhani namfundisha mtu mzima kuendesha. Mwalimu akashuka, akasema breki si nzuri sana, akaenda kufikiri. Kinyozi mpaka leo akiniona anauliza kama mwanafunzi wangu amehitimu.

Siku hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, likaingia ua.

Nasema ua kwa sababu akaunti haikuwa na jina la maana, ilikuwa na picha ya ua jekundu tu. Huyu hakuuliza "Ipo?" Alianza na habari za leo, akatumaini sote ni wazima nyumbani, akanitakia kazi njema, ndipo akauliza kama kile kiti kimeshashonwa pale chini kilipochanika.

Machale yakanicheza. Picha niliipiga kwa juu. Ule mchaniko hauonekani mpaka uiname utie shingo chini ya kiti. Maana yake mtu ameshaingia ukumbini kwetu, ameinama, amekagua, ameondoka, nasi tumekaa mezani tunakunywa chai! Nikamfikiria mwalimu na kofia yake. Nikamfikiria kinyozi, maana siku hizi anapiga mluzi bila sababu. Na hiyo adabu yote ya salamu ilizidi kunitia wasiwasi, kwa kuwa tapeli ndiye mwenye muda wa kukuuliza hali ya nyumbani.

Jioni ile ile nikaihamisha baiskeli kwenye stoo chini ya ngazi, nikatia kufuli jipya. Ufunguo mmoja nikauvaa shingoni, wa pili nikautia kwenye kopo la Mama, kama tufanyavyo tangu kitasa changu cha kwanza kilipomfungia marehemu Baba nje kwenye mvua. Hakuna kufuli la nyumba hii lisilo na ufunguo wake kwenye lile kopo. Hata sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ua likarudi kesho yake, saa ile ile ya baada ya chakula cha mchana, Mama akiwa amekwenda kujinyoosha. Safari hii liliuliza: mwenyewe anauza kwa nini, ni mzima huko aliko, je, hatarudi akaihitaji? Nikasema haya, mwizi anataka kuhakikisha mwenye mali hatatokea siku moja kuidai. Nikaona nimkate kauli. Nilimwandikia hivi, na naomba usikasirike: mwenyewe amehamia huko moja kwa moja, ana maisha yake, harudi tena, kama unanunua nunua.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema: "Asante. Mungu awabariki." Nikacheka peke yangu dukani. Nikasema huyu ni tapeli wa aina yake, anaiba huku anaombea.

Jioni Mama hakutoka kunywa chai. Alisema ni goti. Nikampelekea dawa ya kuchua, akanishukuru bila kunitazama.

Baada ya hapo vitu vikaanza kuondoka. Kwanza kengele. Nikasema labda ilidondoka wakati wa kuhamisha. Kisha yule mwalimu akarudi, amekata shauri, kofia ameishika mkononi kama mtu mwema. Nikafungua kufuli kwa madaha. Kufuli lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo. Baiskeli ipo. Kiti hakipo. Mwalimu akakitazama kile chuma cha kiti kilichobaki kimesimama, akanitazama mimi, akauliza kama leo ni zamu yangu kuijaribu. Akavaa kofia yake akaondoka, na hajarudi.

Hapo nikawa si mtu tena. Nikang'oa kufuli, nikatia lile kubwa la dirisha la duka langu, ambalo nimewaambia wateja kwamba halifunguki bila ufunguo wake, na ni kweli. Ufunguo wa pili nikautia wapi? Kwenye kopo. Kesho yake pedeli ya kulia haikuwepo. Nikamshuku kinyozi, nikamshuku mwalimu, nikamshuku fundi mwenzangu wa mtaa wa pili kwamba ananiharibia jina. Mwizi anayefungua kufuli langu na kulifunga tena vizuri, mimi nimekwisha kazi.

Basi nikamtisha. Nikaliandikia ua: nakujua wewe ni nani na unapokaa.

Likanijibu: "Kama unanijua, mbona leo hujaja kunisalimia?"

Breki, nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilikaa na lile swali nikalisoma na kulisoma. Nikafunga duka, nikaenda mbio nyumbani kuwahi stoo. Nilipofika ukumbini, pumzi juu juu, nikatuma maneno mawili: "Wewe nani?" Na simu ikalia nyuma ya mlango wa Mama.

Mlango huo unaujua. Ndio pekee katika nyumba hii ambao hajakubali niutie kitasa.

Nikausukuma. Mama amekaa kitandani, miwani puani, simu ya zamani ya shemeji yako imelazwa juu ya mto. Shemeji yako kakaa pembeni, ndiye aliyemfungulia akaunti na kumchagulia ua, na aliponiona akajifanya anatafuta uzi. Kengele na pedeli zimefungwa kwenye kitambaa safi kila moja peke yake. Kiti kiko mapajani pa Mama, kimegeuzwa chini juu, na Mama anakishona.

Hakushtuka. Alivuta uzi, akaniambia alidhani fundi wa vitasa angekumbuka mapema funguo zake zinalala wapi. Halafu akaacha sindano, akaniuliza, "Uliandika kwamba harudi tena. Alikuambia wewe?"

Nikamwambia Mama, yale yalikuwa maneno ya biashara tu, nilidhani nasema na mwizi.

"Nami nilikuuliza kama mtu usiyemjua ili unijibu kweli. Kwangu mngenificha."

Niliona aibu, mdogo wangu, na niliumia. Nikafungua kinywa nimwambie kwamba utarudi, wala asiwe na shaka, na ndipo nilipogundua kwamba sina hakika. Nimezijua nia za watu nisiowaona sura, nia yako sijawahi kukuuliza. Mama alinitazama nilivyosimama pale na kinywa wazi, akarudi kwenye kushona kwake. Aliniambia tu nisimjibu tena kwa niaba yako.

Kwa hiyo sasa wa kushukiwa ni wewe. Usicheke. Nimekaa nimeunganisha mambo kama ninavyofanya mlango ukivunjwa. Redio ulisema tumpe kinyozi. Koti ukasema nilivae mimi. Godoro likaenda kwa wapangaji wa juu. Kila mara ulisema vitu vinakaa bure, nasi tukakubali kwa sababu ni kweli vilikuwa vinakaa bure. Kazi ya lifti ilikuwa ya mwaka mmoja, ikaongezwa, ikaongezwa tena, na siku hizi ukipiga simu husemi "nikirudi". Unasema "mkipata nafasi mje". Sikuliona hilo mpaka juzi. Mama aliliona siku ya kwanza. Baiskeli ndicho kitu chako cha mwisho humu ndani, na wewe umeagiza kitoke.

Tangazo nimeliondoa. Kengele na pedeli nimezirudisha mahali pake, na baiskeli imerudi ukumbini, ukutani pale pale, tunapita ubavu kama zamani. Kiti bado anacho Mama. Kaniambia hakitoki chumbani kwake mpaka apate jibu lako, na safari hii lisipitie kwangu. Mpigie yeye. Piga baada ya chakula cha mchana, ndiyo saa yake ya simu.

Swali lenyewe ni hili: unarudi, au hurudi? Sikulaumu kwa lolote. Mtu ana haki ya kukaa anapopapenda, na kama una mwenzio huko hujatuambia, tutafurahi na kumpokea. Mama amesema ukimwambia hurudi, atakitoa kiti yeye mwenyewe na kuniambia niuze. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, naye anakunja uzi. Hapo ndipo nilipoogopa, Breki. Angelia ningejua la kufanya.

Shemeji yako anakusalimu sana. Kwangu bado yuko kifungoni, lakini chai anapika vizuri zaidi kuliko kawaida. Kinyozi anakusalimu na redio inaimba. Wapangaji wa juu wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akulinde huko kwenye hayo mashimo ya lifti, akushushe salama kila jioni, akufungulie kila mlango ambao mimi sina ufunguo wake.

Mama hakutumi salamu. Nilipomwuliza niandike nini kwa niaba yake, alisema zake hazitiwi kwenye bahasha, uzifuate mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita tena, akasema basi nikuambie tu kwamba kiti kimekwisha kushonwa.

Ni mimi kaka yako, nisiyemwamini mtu, nikupendaye,

Kitasa