Alichokiri Kaka Yangu

Mjukuu wangu Cherono,

Nakusalimu kutoka Riyadh, nikiwa mzima kiasi. Shangazi yako wa Jeddah alipiga simu Ijumaa, anasema madam wake amejifungua salama. Mimi bado nalinda ghala huku Sulay. Mambo ya kafili, huyu mwajiri anayenidhamini, na ikama, kibali changu cha kukaa, tuyaache.

Umeniuliza, kwa ajili ya utafiti wako wa chuo kuhusu sisi watu wa msituni na mahakama, kwa nini kaka yangu Kiprono alikiri kosa. Nilikuwepo, basi nikueleze.

Alikamatwa akirina asali kwenye mizinga ya marehemu baba yetu, humo msituni tulimozaliwa. Kiswahili hakukijua. Hakimu aliuliza kama alikutwa ndani ya msitu wa serikali, na polisi mmoja akamtafsiria kwa kubabaisha. Kaka akajibu kwa utulivu kwa lugha yetu, "Ndiyo, nilikuwa nyumbani."

Polisi akamwambia hakimu, "Amekubali."

Nikasimama. "Mheshimiwa, hakusema hivyo tu!"

"Kaa chini, ama ufungwe naye."

Alipotoka gerezani alikuta nyumba yetu imeshachomwa. Akaketi kwenye majivu, akaniuliza, "Kwani nilisema nini kibaya?" Aliniuliza tena hospitalini, kabla hajafa.

Juzi hapa kwenye ofisi ya ghala nilihojiwa kwa Kiarabu cha haraka, nikajikuta naitikia tu, "Aiwa, aiwa," yaani ndiyo, ndiyo, bila kujua nakubali nini. Nilimkumbuka sana. Ningependa kukupa jibu la kuandika, mama, lakini hata yeye sikuwahi kumpa.

Wasalimie wote nyumbani.

Babu yako