Mafungu Mawili ya Kihispania

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo nimevikamata! Wiki tatu nahangaika na vitenzi vya Kihispania vya wakati uliopita, kumbe ni mafungu tu, kama samaki mezani. Vya -ar fungu lao: compré, nilinunua. Vya -er na -ir vinakaa fungu moja: vendí, niliuza, abrí, nilifungua. Basi! Mie muuza samaki wa Kunduchi, darasa la saba, nimewaeleza hivyo vijana wa chuo ninaosoma nao, wakainama kuandika. Mwalimu Talha kaniomba nirudie. Nikarudia, kwa madaha.

Hoteli inataka mwanamke mmoja wa kuwatembeza wageni wa Kihispania pale sokoni kwetu. Usaili Jumamosi. Naitaka hii kazi!

Alhamisi, 11 Septemba

Talha kaanza na shikamoo, kisha lawama. Kila akiniuliza jana nilifanya nini, najibu kwa sisi: compramos, vendimos. Tulinunua, tuliuza. Anasema kwenye usaili wanamtaka mtu mmoja, mama, sema mimi. Sasa mie nimekulia pwani! Mtu wa mimi, mimi, mimi anaitwa mwenye majivuno. Marehemu mama angenikata jicho.

Haya, nimefanya mazoezi huku naparua magamba. Compré. Limpié, nilisafisha. Vendí. Wifi yangu Hamisa, ninayekaanga naye, kauliza naongea na nani. Kacheka, kaniambia niwahi darasani, karai ataliangalia yeye. Wiki ya tatu hii analiangalia yeye.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimetiririka! Mama wa Kihispania aliyenisaili hadi kalamu kaweka chini. Nilinunua, nilisafisha, nilikata, niliuza — yote mimi, yote sahihi. Akauliza, kwa Kihispania, nami nikamwelewa: yote hayo peke yako?

Nikaliona mawazoni lile karai la Hamisa.

"No," nikasema. "Hamisa cocinó. Vendimos." Hamisa alipika. Tuliuza.

Akaandika kitu kirefu, sijui nini. Nimetoka kifua mbele hivyo hivyo. Talha akisikia atanuna. Anune.

Jumatatu, 15 Septemba

Walisema watapiga saa nne. Sasa na robo. Naandika nimekalia ndoo. Simu anayo Hamisa, kaifunga kwenye khanga isirukiwe na mafuta. Nimemwambia nilivyojibu. Kaniita mjinga, halafu kageuka kufuta macho, eti moshi.

Inaita! Kapokea yeye.

"Hola," anasema. Sauti imenyooka kabisa. Kajifunza lini huyu?

Anasikiliza. Bado anasikiliza. Ananitazama, anatabasamu: "Sí. Vendimos." Ndiyo. Tuliuza.