Baba Hodan, Wananitaka Nivue Nyeupe

Baba Hodan, mume wangu uliyetangulia mbele ya haki,

Dua zangu zikufikie huko uliko, kwenye rehema za Mola. Leo ninakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sababu nataka na wale wa ofisini waisome. Wewe utanisamehe. Wao wasome tu.

Nimechoka, wallahi. Eda yako sijafika hata nusu, na tayari nagombana na watu juu ya nguo.

Kazi yangu unaijua: kaunta ya vifurushi hapa mjini Garissa, watu wa Rhamu wakituma, wa Bura wakipokea. Likizo niliyopewa ya msiba iliisha upesi. Sheikh akasema naweza kutoka mchana kutafuta riziki, mradi nilale nyumbani kwangu. Basi nikarudi kaunta na asay yangu, nguo ya eda, nyeupe toka kichwani hadi miguuni kama mjane yeyote wa kwetu, na patipati miguuni. Wateja walinielewa bila kuuliza. Wazee waliinua mikono wakakuombea dua palepale, ndipo wakauliza mzigo wao. Hizo dua ndizo zilizokuwa zinanisimamisha.

Halafu akaja meneja mpya na amri zake. Sketi ya bluu, koti la bluu, viatu vyeusi vya kufunika vidole, kila mtu. Akaniita pembeni.

"Abaayo, dada yangu, hii nyeupe inatisha wateja. Huzuni wacha kwa nyumba."

Nikamwambia niko edani. Akasema, "Eda sawa. Lakini nyeupe ni mila tu, si dini."

Ni kweli, ni mila. Na hiyo tai iliyomkaba shingo kwenye joto hili, hiyo ni sunna? Sikumuuliza. Nilirudi kaunta nikapokea mzigo uliofuata.

Angekuwa mgeni ningekaa naye nimweleze polepole. Huyu ni mtoto wa Bura! Mama yake mwenyewe alivaa nyeupe alipofiwa, na hakuna aliyemwambia anatisha watu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Najua wewe ungecheka. Ulipoanza kazi ofisi ya mifugo, viatu vyeusi ulivificha kwenye droo, ukashinda na patipati chini ya meza. Nikikusuta unanijibu, "Mguu ya mtu ya Hadado haifungwi." Siku mkubwa wako alipoingia ghafla ulivivaa mbiombio, cha kulia kushoto, ukamsindikiza hadi kwenye gari ukichechemea. Akakuuliza kama umeumia. "Ngamia ilinikanyaga," ukamwambia, bila aibu! Uliponisimulia jioni nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Ulijua kuzizunguka amri zao. Mimi sijui, na nakukasirikia kwa kuniacha na watu hawa kabla hujanifundisha. Asay haifichiki kwenye droo.

Alhamisi meneja alinipa neno la mwisho: Jumatatu nije na bluu, la sivyo nikae nyumbani bila mshahara na kiti changu apewe mwingine. Dada yako mkubwa akasema nivae tu, Mungu anaujua moyo wangu. "Mila haijazi sufuria, Mama Hodan." Nikaona ana haki, maana mtoto lazima ale. Nikakubali.

Jana asubuhi nikajifungia chumbani. Nikaivua asay, nikavaa ile sketi na lile koti, nikaisukuma miguu kwenye vile viatu. Nikatoka sebuleni nione kama naweza kutembea navyo. Hodan alikuwa mkekani anakula anjera. Tulipokuzika aliniuliza kwa nini navaa nyeupe kila siku, nami nikamwambia ni kwa sababu wewe, aabo wake, umeondoka. Jibu la kumpa mtoto mdogo, nikasahau.

Yeye hakusahau. Alinitazama, bluu juu mpaka chini, akaitupa anjera, akakimbia mlangoni na kuufungua kwa mikono miwili.

"Hooyo! Aabo amerudi?"

Baba Hodan, nilisimama pale na viatu vyao miguuni. Nilimwambia hapana. Hakuniamini. Alikaa kizingitini akikungoja mpaka adhuhuri, kila mtu akipita njiani anainuka.

Kesho ni Jumatatu. Nitakwenda kaunta na nyeupe yangu, na anayetaka kunitoa aje anitoe mbele ya wateja, watu wa Bura wakiona. Sijui tutakula nini akinitoa. Naogopa, sikufichi. Lakini mlango ule mwanao hataufungua tena kwa sababu ya koti la ofisi.

Lala salama, mpenzi wangu. Mola akupanulie kaburi lako.

Mkeo, ambaye bado yuko edani mwako,
Mama Hodan