Ukuta Uliosogea Sentimita Sitini

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana nilipofika hapa sijui nigeukie wapi, na naomba uwe na subira kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumba lakini limeshakuwa la ukoo mzima, na nikilikatisha njiani hutanielewa.

Mimi ni mshonaji wa nguo za kike, mwaka wa ishirini na mbili huu niko kwenye cherehani, na mume wangu ni karani wa bohari. Kiwanja chetu kina upana wa mita tano na urefu wa mita kumi na sita, mkono wa kulia kuna karakana ya mchomelea vyuma, mkono wa kushoto kuna ukuta wa shule, kwa hiyo hata ungetaka kujitanua huna pa kwenda ila juu, na watu walitucheka wakasema hawa wanajenga korido. Ndipo mdogo wake mume wangu, huyu shemeji yangu ambaye amesomea usanifu wa majengo na ndiyo kwanza yuko kwenye miezi ya majaribio katika ofisi ya watu, akasema atatuchorea yeye mwenyewe, na akakaa na ramani hiyo miezi minne, anakuja Jumapili anapima, anaondoka, anarudi anafuta, mpaka nikamwambia shemeji, hii ni nyumba au mtihani?

Siwezi kusema uongo, ramani ilipendeza. Ghorofa tatu, chini mbele chumba changu cha kushonea kinachofunguka barabarani, katikati ngazi, chini ya ngazi choo, nyuma chumba cha mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, juu jiko na sebule, juu kabisa sisi na watoto, halafu pembeni mwa ngazi akaacha uwazi kutoka bati mpaka sakafu ya chini, akauita koo la nyumba, akasema mwanga na hewa vitapitia hapo mpaka mlangoni kwa mama. Na ngazi akazilaza taratibu, kumi na saba, fupi fupi, ili mama apande mwenyewe kuja kula na wenzake. Akaniambia, "Shemeji, humu hakuna sentimita iliyokaa bure, kila moja ina kazi yake." Nikacheka.

Sasa kuta zilipofika kiunoni nikaingia kwenye chumba changu nikasimama katikati, nikakunjua mikono, nikaona kumbe ni kisanduku, maana mimi nina meza ya kukatia ambayo aliniachia mama mmoja aliyenifundisha kazi, meza ya watu wawili kulala, na pale ingeingia halafu mimi nibaki nje. Kwenye ramani shemeji alikuwa amechora meza ya kukunja ukutani kwa bawaba, unaishusha ukitaka kukata, unaipandisha ukimaliza, na mimi nikaiona kama kitu cha kuchezea watoto, mteja wa maana akiingia akute ninafungua meza kama dirisha atanionaje? Shemeji alikuwa ametumwa na ofisi yake mji mwingine miezi mitano, mume wangu yuko bohari, pale nilikuwa mimi na fundi mkuu. Nikamwambia, "Fundi, ukuta huu usogee nyuma kidogo."

"Mama, ramani inasema uishie hapa."

"Ramani ni ya shemeji, nyumba ni yangu. Sentimita sitini tu."

"Na ngazi je?"

"Ngazi si utazibana bana? Wewe ni fundi au umepita njia?"

Akajikuna kichwa, akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Haya, mwenye mali umesema."

Mshauri, nataka uelewe kwamba sikufanya kwa ubaya, mimi nimekata nguo maisha yangu yote na ninajua mkataji mwenye akili huacha ziada ndani ya mshono, mteja akinenepa unaachia, nguo inakaa, na mteja hajui hata ulifanya nini, kwa hiyo nilijua shemeji naye kwa usomi wake wote lazima ameficha ziada mahali, mtu gani anachora nyumba nzima bila akiba? Kumbe hakuacha hata unyoya.

Fundi akazibana ngazi kweli, kumi na saba zikawa kumi na nne, kila moja imesimama juu ya mwenzake, mimi mwenyewe napanda nikishika ukuta, na ule uwazi ukabaki mwembamba, chumba cha mama taa inawaka saa sita mchana, na choo cha chini ya ngazi dari imeshuka. Mama hapandi tena juu. Anapelekewa sahani chini, anakula peke yake akiwa amekaa kitandani, na sisi tunamsikia anakohoa chini huku tukijifanya tunaongea. Halafu mwezi uliopita akasimama chooni kwa haraka akajigonga kichwa, akatoka na nundu kwenye paji la uso, na hapo ndipo mume wangu alipopandwa na mori.

Jumapili hiyo shemeji akaja kama kawaida yake ya zamani, ndiyo kwanza amerudi safari, hajaingia humo tangu tumalize, na mume wangu akamsimamisha palepale chumbani kwangu, mbele ya mama, mbele ya yule mchomelea vyuma jirani yetu ambaye naye ana kiwanja chembamba hivyo hivyo na alikuwa ameshakubaliana na shemeji amchoree, akamfokea bila kupumua. "Hii ndiyo elimu yako? Umemjengea mama yako shimo! Jirani, huyu usimpe hata banda la kuku!" Shemeji akatoa futi mfukoni, akapima toka mlango wa barabarani mpaka ukuta wa ngazi, akapima tena mara ya pili, akakunjua ramani, akaitazama, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama nyuma ya meza yangu, kisha akakunja kila kitu akasema, "Kaka, nimesikia." Akatoka. Ni wiki ya tano leo hajakanyaga kwetu, jirani ameshatafuta mchoraji mwingine, na mama kila Jumapili anavaa vizuri anakaa mlangoni anauliza, "Mdogo wenu hajafika tu?"

Na sasa balaa lenyewe ni kwamba mume wangu ameandika barua na kupiga picha za ngazi na za nundu ya mama, mwisho wa mwezi huu anazipeleka kwa bosi wa shemeji, na mtu aliye kwenye majaribio akipelekewa barua kama hiyo na ndugu yake wa damu ndiyo basi tena.

Nilitaka kusema, Mungu anajua, ila siku ya kwanza mume wangu alikuwa na hasira, siku ya pili tulikuwa na wageni, halafu zikaingia nguo za harusi sita kwa mpigo, halafu mume wangu akaugua homa nikaona si vizuri kumchosha mgonjwa, na ukiangalia vizuri hata shemeji ana lawama yake, alisafiri wakati ujenzi unaendelea na alichora nyumba isiyo na hata kidole cha ziada. Naomba uniambie, je, ninyamaze mpaka yapoe yenyewe, maana ndugu hugombana na kupatana? Au nimtafute yule fundi, amehamia ujenzi mwingine, nimwombe aje aseme yeye ndiye aliyekosea vipimo, jambo ambalo kwake halitakuwa kitu kwa sababu fundi akikosea watu hawashangai?

Ni mimi,
Mshonaji wa Nyumba Nyembamba

MSHAURI ANAJIBU

Mshonaji, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili nimekunja uso. Nianze na huruma maana ni fupi. Kutaka nafasi ya kufanyia kazi si dhambi. Mwanamke aliyeinamia cherehani miaka ishirini na miwili ana haki ya kukunjua mikono ndani ya chumba chake. Ungemwambia shemeji yako hayo kabla tofali la kwanza halijalazwa, angefuta na kuchora upya, kama alivyofanya miezi minne bila kulalamika.

Lakini hukumwambia. Ulisubiri akiwa safarini na mumeo akiwa kazini, ukamtisha fundi aliyekuuliza swali la maana kuliko yote, "Na ngazi je?" Dada yangu, hapo ndipo ungesimama. Fundi alikuwa anakuomba ufikiri, wewe ukamkejeli.

Na hilo la ziada ya mshono naomba ulitupe leo. Nguo ina ndani na nje, unaweza kukunja kitambaa ukakificha. Mita tano kati ya karakana na shule zinafichwa wapi? Shemeji yako alikuambia mapema, kwa mdomo wake, kwamba kila sentimita ina kazi. Zile sitini ulizozichukua zilikuwa na kazi: zilikuwa zinampandisha mama mkwe wako mezani. Sasa zimebeba meza yako, na mama anakula kitandani.

Halafu kuna jambo umeliandika kwa mkono wako na hukuliona, au umevaa miwani ya mbao makusudi. Shemeji yako anajua. Mtu ambaye kazi yake ni vipimo alipima ukuta mara mbili, akatazama ramani, akakutazama wewe uliyesimama nyuma ya meza ambayo yeye hakuichora. Unadhani alikuwa anatafuta nini usoni kwako? Neno moja tu lingemtosha, na mumeo angegeuka akufokee wewe, mbele ya mkweo na mbele ya jirani. Hakulisema. Alibeba fedheha yako akatoka nayo mlangoni, akapoteza kazi ya jirani, na wiki ya tano hii hamwoni mama yake. Amekusitiri. Na wewe unaniandikia kuniuliza kama fundi naye anaweza kuja kubebeshwa kidogo! Hapana. Muache fundi wa watu atafute riziki yake.

Yatapoa, unasema. Yatapoaje wakati barua imeshaandikwa na picha zimeshapigwa? Mwisho wa mwezi hausubiri nguo zako za harusi.

Sasa nisikilize. Mumeo akirudi leo kutoka bohari, mpe chakula kwanza, maana habari hii si ya kumpa mtu mwenye njaa. Akimaliza, mwambie, "Ukuta niliusogeza mimi." Usianze na ukubwa wa chumba, usianze na meza, usianze na miezi mitano ya safari. Anza na hayo maneno matatu. Atafoka. Mwache afoke, na usilie ili aanze kukubembeleza wewe badala ya kumfikiria ndugu yake.

Kesho yake nenda kwa shemeji yako kwa miguu yako mwenyewe. Usimtumie ujumbe kwenye simu. Muombe msamaha, kisha muombe aje nyumbani Jumapili, na siku hiyo mchomelea vyuma awepo, na mama awepo. Shemeji yako alivuliwa nguo mbele yao, hawezi kuvishwa chumbani mlango umefungwa. Useme wewe, kwa sauti inayosikika, na mumeo achane barua ile palepale.

Baada ya hapo mpe nafasi apime aseme kipi kinaweza kurudishwa. Mimi si msanifu, sijui ukuta ule umebeba nini sasa. Akisema ubomolewe, toa meza yako kabla hajamaliza sentensi. Iuze, au ipeleke kwa seremala aipunguze. Mteja wako anatazama mkono wa gauni lake ulivyokaa begani, hatazami bawaba za meza yako. Na mpaka ngazi zitakapotengenezwa, ninyi wote mshuke mkale chini kwa mama, watoto na sahani zenu, hata kama mtakula mmebanana. Hili hata kesho linawezekana, halihitaji ramani, na nimeshangaa wiki zote hizo hakuna aliyeliwaza.

Kwa mumeo nina neno moja, kama gazeti hili linafika bohari. Bwana, kabla hujamfokea mdogo wako mbele ya watu ungemuuliza fundi. Kabla hujaandika barua kwa bosi wa mtu ungemuuliza fundi. Nawe msamaha unakuhusu, usijifiche nyuma ya mkeo.

Nirudi kwako, Mshonaji. Mumeo atakuuliza swali moja ambalo hutalikwepa: kwa nini ulinyamaza muda wote huo? Ukifika hapo usimpe wageni, wala homa, wala nguo sita za harusi. Mimi nimepewa hizo zote na sikuamini hata moja. Mwambie uliogopa. Nimeitafuta barua yako kutoka juu mpaka chini, na neno hilo, ambalo peke yake lingenifanya nikuhurumie, hukuliandika hata mara moja.