Kibao Cheupe cha Papa

Papa,

Tangu tuondoe matanga, brashi zako ninazishika mimi, binti yako. Nimeshapaka nyumba tatu hapa Kalemie, na wale waliosema mwanamuke hapandi ngazi sasa wananiita Mama Rangi. Ungekuwapo, ungejivuna kuliko mimi.

Ila wiki iliyopita nilikuwa karibu kukukosea. Nilitafuta ubao wa kuandika jina langu, niutundike mulangoni, nikakumbuka kile kibao chako cha sebuleni. Tulikicheka sana: chokaa nyeupe ya kule Kabimba kibao kizima, na chini mustari mumoja mwembamba wa buluu, basi. Mama alikuwa anakuuliza mbele ya wageni, "Papa Zaina, hii utamaliza lini?" Wewe unajibu, "Imeisha. Muangalie tu." Na hakuna aliyeangalia.

Nilikiteremsha, nikakiegemeza dirishani, nikachovya brashi. Jua la asubuhi likakipiga kwa ubavu, na weupe ule haukuwa weupe mumoja tena. Kwenye ukingo nilihesabu tabaka, nikafika saba, kila moja imepigwa musasa. Mustari ule uliupiga bila kamba wala rula, mukono mutupu, na haukutetemeka popote. Leo mimi pia ni fundi, ninaijua kazi hiyo. Nilibaki najivuna peke yangu chumbani, brashi inadondoka sakafuni.

Kisha nikaona kishimo kidogo kwenye pembe. Kidole cha mutoto. Kiligusa tabaka ya kwanza tu. Zile sita zingine zimekizunguka, pole pole, kwa brashi ndogo, hakuna hata moja iliyokifunika.

Siku ile ya utoto wetu, ulipouliza nani amegusa rangi mbichi, nilisema si mimi. Mama akamugombeza Kabwe, mudogo wangu. Wewe uliangalia vidole vyangu, ukarudi kwenye kazi. Miaka hii yote nilidhani umesahau.

Jina langu nimeliandika kwenye ubao mwingine. Chako kimerudi ukutani, na mugeni akianza kucheka ninamuvuta karibu, aangalie mpaka aone. Kabwe nimeshamuomba samahani. Alicheka tu.

Pumzika, Papa, kazi imeisha kweli. Ninakuahidi: mutoto akigusa ukuta wangu mubichi, nitakizunguka kidole chake.

Si Kabwe, Papa. Njo mimi niligusa.

Zaina wako