Dalia Hazina Harufu

Jumapili. Mvua ya alfajiri imeacha ua mzima tope, kisha jua likatoka kama halikuona kitu. Sikwenda misa.

Leo asubuhi mume wangu Yohana ameanguka juu ya maua yangu ya dalia.

Aliondoka Tabora na jeshi akiwa na macho yake yote mawili. Amerudi kutoka Burma haoni hata mwanga wa taa. Kabla ya vita alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja wa reli, na ndiye aliyeniletea viazi vya dalia ndani ya gunia, akanifundisha: toboa debe chini kwa msumari, maji yasituame, panda mvua zikianza, mche ukifika kimo cha goti, kata ncha utoe matawi. Hapa kwetu mtaa wa Ng'ambo nina kibaraza tu. Madebe ya mafuta ya taa ndiyo bustani yangu.

Miaka yote aliyokuwa vitani nilizitunza. Kiangazi nilifukia viazi kwenye mchanga mkavu chini ya kitanda, mvua zikija nikavipanda upya. Nilisema moyoni, siku akishuka garimoshi atazikuta zimejipanga mlangoni, nyekundu, kubwa kama sahani.

Zilijipanga mlangoni. Ndizo zilizomwangusha.

Alitaka kwenda chooni peke yake, bila kushikwa mkono. Niliposikia kishindo nilitoka mbio, nikamkuta ameketi kwenye tope, muundi unatoka damu, shina zuri kuliko yote limevunjika mapajani mwake. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Usoke kumwuguza mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni.

"Maua, maua," akasema. "Mtu haoni, wewe unampangia maua njiani."

Nilichutama topeni kando ya Yohana.

Yohana alilipapasa ua, akaliweka puani. Akavuta pumzi, akavuta tena.

"Mbona halinukii?"

"Dalia hazina harufu, Yohana. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Kweli," akasema. "Wakati ule sikujali."

Akaliweka chini taratibu, kama anarudisha kitu cha watu.

Madebe yote nimeyahamishia nyuma ya jiko, mahali jua halifiki. Najua huko dalia hazitachanua. Mama mkwe alinisaidia kubeba.

Mchana, nilipokuwa nikimfunga kidonda, Yohana aliniuliza, "Lililovunjika lilikuwa la rangi gani?"

"Jekundu."



"Nyekundu imeanza kunipotea. Naitafuta kichwani, naona hudhurungi tu. Kijani bado ninayo."

Nilimshika mkono.

Majirani wananiambia nimshukuru Mungu, wengine waume zao hawakurudi kabisa. Nashukuru. Lakini nashukuru bila tumaini, na sijui kama shukrani ya namna hiyo inapokelewa.

Kesho nitafunga kamba kutoka mlangoni hadi chooni, aishike aende mwenyewe. Hilo angalau naliweza.

Kuna jambo nilitaka kumwuliza leo, nikaliogopa jibu lake. Uso wangu, bado anao?