Sindano za Fundi Hamduni

Jumatatu, 1 Aprili 1957
Mvua tangu alfajiri. Klasi ya kushona wamekuja kumi na mmoja tu, wengine tope limewashinda. Tumefanya pindo la sketi. Esta kapinda la kwake nje ndani — nimemfumulisha mara mbili, hakununa. Huyu atafika. Halafu katikati ya somo cherehani ya pili imekata mkanda! Kesho niende kwa Fundi Hamduni, yeye hakosagi mkanda.

Jioni nimetia mkasi kwenye kile kitambaa cha buluu, gauni langu la Pasaka. Miezi minne nakiogopa. Nimekula ningu, samaki wa ziwani, wa kuchemsha, nikalala mapema.

Jumanne, 2 Aprili
Mkanda nimepata. Lakini si hilo la kuandika.

Nimemkuta Fundi barazani peke yake, sindano mkono mmoja, uzi mwingine. Anachomeka, uzi unapita pembeni. Mara ya tatu, ya nne. Nikadhani ni mfungo wa Ramadhani, mikono inatetemeka. Mikono ilikuwa imetulia! Akaipeleka sindano mpaka karibu na shavu — bado. Nikaichukua nikaitunga.

Kisha akaniita ndani, akafunga mlango wa dukani. Jicho la kushoto lilikwisha tangu mvua za mwaka jana. La kulia lina ukungu. Muda wote huu, kwa siri, mkewe, Bi Tabu, ndiye alikuwaga akimtungia. Sasa Bi Tabu yuko Bunda, kule Kabasa, binti yao kajifungua, harudi mpaka Idi.

"Kushona nashona," aliniambia. "Mkono unajua njia. Ila tundu la sindano mkono haulijui."

Kanzu ishirini na sita za Idi ziko kabatini. Watu wakijua, kila mtu atakuja kuchukua kitambaa chake. Mtoto wa jirani hawezi kumtuma, watoto wanasema.

Mwaka aliokufa mume wangu Rafaeli nilitoka Murangi na kikapu kimoja. Mzee huyu ndiye aliyenikalisha kwenye cherehani yake mwenyewe, mtaa mzima ukimcheka kwamba anampa mwanamke kazi ya wanaume. Hakunidai kitu. Nimemwambia nitakuja kila asubuhi.

Ijumaa, 5 Aprili
Napitia mlango wa uani, kabla maduka hayajafunguliwa. Sindano kumi na mbili, nazichomeka kwenye kimto: uzi mweupe juu, hariri nyekundu ya darizi chini. Anazipapasa, anazihesabu, anaridhika.

Leo nimeona mshono wa bega umekwenda upande. Nikanyamaza. Akasikia nimenyamaza!

"Umepotoka kiasi gani?"
"Punje ya mchele, Fundi."
"Fumua."

Nimefumua, nimeshona upya, nimechelewa klasi.

Jumatano, 10 Aprili
Nimeingia ukumbini, wote kimya. Hata mkasi hausikiki. Nimefundisha tundu la kifungo kama vile sijaona kitu.

Baada ya somo Esta kabaki kukunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Mwalimu, usinikasirikie, anasema. Ni Shani, jirani wa Fundi, anayesema. Kaniona naingia uani alfajiri, kaniona mara tatu. Mke hayupo. Mimi mjane, tena Mkristo, na mwezi huu ni wa mfungo. Mji mzima unajua.

Nilicheka. Halafu nikaona Esta hacheki.

Jibu lilikuwa mdomoni, maneno mawili tu — mzee haoni. Nimeyameza. Nimemwambia akafunge madirisha.

Jumapili, 14 Aprili. Matawi
Kanisani benchi langu nimekaa peke yangu. Nje, Bwana Makongoro, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wetu, kanisimamisha. Kwa adabu, siwezi kumsingizia. Waume wawili wamekataza wake zao kuja klasi. Kamati itakaa Alhamisi.

"Mwalimu Jenoveva, sema tu unaendaga kufanya nini pale, tuyamalize."
"Kazi."
"Kazi gani?"
"Kazi tu, Bwana Makongoro."

Akatikisa kichwa. Nimetembea na tawi langu mpaka nyumbani, nikasahau kulichomeka mlangoni. Liko mezani linanyauka.

Miaka mitano nimejenga klasi ile. Tulianza wanne, na mkasi mmoja.

Jumatano, 17 Aprili
Nimemwambia Fundi kesho sitakuja, nina somo la mapema. Akacheka bila furaha.

"Uongo wako na upimaji wako wa kiuno ni sawasawa, vyote huviwezi. Masikio yangu ni mazima, Jenoveva. Nimesikia wanayosema. Kawaambie kweli."
"Zimebaki kanzu ngapi?"
"Tisa."
"Basi zimalize kwanza."
"Na klasi yako je?"

Nimetunga sindano zote za nyumba ile, arobaini na kitu, mpaka kimto kikawa kama nungunungu.

Alhamisi, 18 Aprili
Watu watano mezani, mimi kwenye kiti cha mbele kama mwanafunzi. Bwana Makongoro kauliza swali lilelile. Nimesema siwezi kueleza, ila sijafanya baya. Mmoja akaguna. Makongoro akachukua kalamu, aandike — na mlango ukafunguliwa.

Fundi Hamduni! Kaja peke yake, kwa mvua. Mfereji wa barabarani hakuuona, katumbukia, kanzu tope mpaka magotini. Kashika fremu ya mlango, uso kauelekeza ukutani, pasipo na mtu.

"Huyu ananitungia uzi," akasema. "Mimi sioni."

Makongoro kasimama. "Huoni vipi, mzee?"

"Sioni. Wewe nakusikia tu. Ile suruali uliyokuja kuchukua juzi, pindo lake ni la mkono wake. Kama lina dhambi, ivue."

Hakuna aliyecheka. Wameniomba radhi, mmoja mmoja. Klasi inaendelea. Nilitaka kumshika mkono nimrudishe kwake, akaniambia hapana, asirudishwe na mimi mbele ya watu. Makongoro ndiye aliyemrudisha.

Ilinipasa kufurahi. Sifurahi.

Jumamosi, 20 Aprili
Mpaka adhuhuri watu saba wamekwisha kuchukua vitambaa vyao kwa Fundi. Esta kaniambia. Wanachukua kwa upole, anasema, wanamwombea dua, wanaondoka navyo.

Saa tisa hodi mlangoni kwangu. Magige, karani wa bomani, anayeoa Butiama mwezi ujao. Kitambaa cha suti kwapani — kijivu, kizito, kizuri mno. Alikuwa amempa Fundi.

"Koti la harusi nimwachie asiyeona? Wewe ndiye uliyekuwa unashona, Mwalimu. Kila mtu anajua sasa."

Nimemwambia sijawahi kukata koti la mwanamume. Kasema utaweza, kaweka mezani, kaenda zake.

Niandike na hili, maana hapa hasomi mtu: aliposema wewe ndiye, nilisikia raha. Kidogo. Kama dakika moja.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka
Nimevaa gauni. Wamelisifu hata wale wa benchi la mbali. Mkono wa kushoto unabana.

Jumatatu, 22 Aprili
Nimekwenda kwa Fundi na kitambaa. Nilijiandaa maneno njiani: yeye aseme, mimi nikate. Yeye ana akili ya koti, mimi nina macho. Sikuyafikisha.

Kakigusa kwa vidole viwili. "Cha Magige." Kakipapasa mpaka kwenye upindo, polepole. Kabati lake lilikuwa wazi, limebaki na kanzu mbili.

"Umekuja kunirithi ningali hai?"

Nimetoka na kitambaa bila kuaga. Nimekasirika njia nzima, nimefika nyumbani nimekasirika, nimeosha vyombo visivyo na uchafu. Baada ya hapo nikakaa. Nilipitia wapi leo? Mlango wa uani. Tena leo, ambapo hakuna siri yoyote! Kama mtu anayekwenda kuchukua kitu kwa kificho.

Jumanne, 23 Aprili
Klasi haijafunguliwa tangu Pasaka. Nimemfuata Magige nyumbani kwake nikamwambia vipimo vinachukuliwa kwenye baraza ya Fundi Hamduni. Kama hataki, achukue kitambaa chake sasa hivi. Kanuna, kaja.

Nimebeba kiti changu kichwani, barabara kuu, saa nne ya asubuhi. Shani yuko mlangoni kwake, hata salamu kasahau kuitikia. Nimeweka kiti upande wa pili wa cherehani. Fundi kakaa, mikono mapajani. Hajasema karibu. Hajasema toka.

"Fundi," nimesema, "koti silijui linaanzia wapi."

Watu wamesimama upande wa pili wa barabara, hata wa duka la chumvi katoka.

Nikamsimamisha Magige, nikatoa tepu, nikaanza kupima kwa sauti. Kifua, thelathini na nane. Mkono, ishirini na nne na robo. Magige ananitazama kama anayetaka kukimbia. Lakini ningeacha vipi, mbele ya watu wote wale?

"Bega, kumi na nane."

Fundi akainua uso. Si kwangu, kwa Magige.

"Bega pima tena," akasema. "Huyo anasimamaga upande."

Nikapima tena. Kumi na saba na nusu.